Kumuuzia Mgeni Meli ya Marekani au Kuibadilishia Bendera: Mwongozo Kamili wa Kibali cha MARAD

Sheria ya Marekani haisubiri meli iuzwe ndipo iulize. Kifungu cha 56101 katika juzuu ya 46 ya sheria za nchi hiyo kinakataza kumuuzia, kumkodisha, kumkabidhi au kumhamishia kwa njia yoyote mtu asiye raia umiliki au udhibiti wa meli yenye hati za Marekani, mpaka Waziri wa Usafiri aridhie. Kinakataza pia kukubaliana kufanya hivyo. Neno hilo "kukubaliana" ndilo la kushika kabla ya mengine yote. Dalali anayetia saini na mnunuzi wa Piraeus, Ugiriki, Jumatatu akipanga kuomba kibali Ijumaa, na muamala wake haumo katika idhini ya jumla nitakayoieleza hapa chini, amekwisha kuvunja sheria tangu Jumatatu.

Waziri hafanyi kazi hiyo kwa mkono wake. Anayeifanya ni MARAD, mamlaka ya meli za biashara iliyoundwa 1950 na kuhamishiwa Idara ya Usafiri mwaka 1981. Walinzi wa Pwani nao wana sehemu yao: wao ndio wanaotunza daftari la meli. Wengi huwachanganya hawa wawili, na kuchanganya huko hula majuma. MARAD inasema ndiyo au hapana. Walinzi wa Pwani wanafuta jina daftarini. Huwezi kumruka wa kwanza ukaenda moja kwa moja kwa wa pili.

Zuio hili lilizaliwa 1916. Vita vilikuwa vinawaka Ulaya, nyambizi zinazamisha meli kila uchao, bei ya meli imepaa, na wenye meli wa Marekani waliona pesa ya wageni ikiwasubiri. Bunge likaona kwamba nchi ingeweza kubaki na bandari zilizojaa mizigo na isibaki na vyombo vya kuibeba. Leo wasiwasi huo haujapungua, kwa sababu meli za baharini zenye bendera ya Marekani, za ujazo wa tani GT 1,000 na kuendelea, hazifiki 200. Kila moja inayoondoka inahesabiwa, na ni haki ihesabiwe.

Hatua ya kwanza: ijue meli yako kwa namba

Anza na vipimo vitatu: tani GT, umri na kazi ya meli. GT ni kipimo cha ujazo wa ndani, hakihusiani na uzito wa chuma wala uzito wa shehena, kwa hiyo usikitoe kwenye tangazo la mauzo. Kitoe kwenye cheti cha upimaji.

Kisha panda melini ulinganishe. Kila meli yenye hati za Marekani ina namba rasmi iliyotiwa alama ndani, juu ya sehemu ya kudumu ya umbo lake, mahali panapoonekana: herufi NO. zikifuatwa na tarakimu zisizopungua inchi tatu kwa kimo, zimewekwa kwa namna ambayo ukijaribu kuzibadilisha kovu litabaki. Jina la meli liko pande zote mbili za omo (mbele) na pia shetri (nyuma), na shetri ndipo palipoandikwa bandari ya nyumbani. Pembeni kuna namba ya IMO, shirika la kimataifa la bahari, yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki meli iuzwe mara ngapi. Piga picha za vyote hivi. Hati inayosema namba moja na chuma kinachosema nyingine ni jambo la kumaliza kabla ya kumwandikia ofisa yeyote.

Kwa nini tani? Kwa sababu ndizo zinazokupanga. Chini ya GT 1,000, kanuni za MARAD, yaani sehemu ya 221 ya juzuu ya 46 ya kanuni za serikali kuu, zinatoa idhini ya mapema ya kuhamia bendera ya nje, mradi meli haiendi nchi iliyozuiwa na haina deni lililodhaminiwa na serikali. Kuanzia GT 1,000 unaomba kibali cha meli hiyo mahususi. Kuanzia GT 3,000 tarajia kibali chenye masharti yatakayoifuata meli hata baada ya bendera kushuka.

Boti za starehe na vyombo vya uvuvi vina nafuu yake ndani ya sheria yenyewe: kumuuzia mgeni chombo cha namna hiyo hakuhitaji ridhaa ya MARAD. Mwenye jahazi la kujifurahisha anaweza kuruka hadi kwenye hatua ya kufuta usajili.

Hatua ya pili: tenga umiliki na bendera

Haya ni maswali mawili. La kwanza: nani atamiliki au kuidhibiti meli? La pili: itapeperusha bendera ya nani? Kwa wakati wa amani, MARAD imekwisha kutoa idhini ya jumla kwa miamala mingi ya swali la kwanza, kama mauzo, rehani na ukodishaji wa kawaida ambao mwenye meli anabaki na mabaharia wake. Isiyomo ni ile ya kumkodisha mgeni meli tupu, yaani bila mabaharia, ilhali meli hiyo inafanya biashara ya pwani ya Marekani. Hapo mgeni anageuka kuwa mmiliki wa muda, na hilo linachunguzwa. Pia haimo miamala na nchi zilizozuiwa, kama Cuba, Iran na Korea Kaskazini.

Swali la pili halina ulaini huo. Bendera ndiyo inayoiondoa meli chini ya mkono wa serikali.

Usidhani kwamba kuweka kampuni ya Marekani katikati kunafuta swali la umiliki. Kesi ya kukumbuka ni ya Aristotle Onassis, tajiri wa meli Mgiriki. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilikuwa inauza meli zake za ziada chini ya Sheria ya Mauzo ya Meli za Biashara ya 1946, na meli za mafuta za aina ya T2 zilitengewa raia. Kampuni zilizozinunua zilikuwa na raia kwenye karatasi, lakini waendesha mashtaka walidai kwamba nyuma yake alikuwa Onassis. Alishtakiwa, na mwaka 1955 suala likamalizwa kwa malipo ya dola milioni 7. Tangu hapo hakuna ofisa makini anayetosheka na jina la kampuni. Anataka kujua nani ana hisa, nani anateua wakurugenzi, nani alitoa fedha, na nani anaweza kusema "hapana" siku ya uamuzi mkubwa.

Kipimo cha uraia wa kampuni kiko kifungu cha 50501: wingi wa hisa uwe wa raia, mkuu mtendaji na mwenyekiti wa bodi wawe raia, na wakurugenzi wageni wawe chini ya nusu ya akidi. Kwa biashara ya pwani kiwango cha hisa kinapanda hadi asilimia 75. Kwa hiyo kuuza hisa za kampuni yenye meli kunaweza kuwa sawa na kuuza meli, hata kama chombo hakijasogea gatini.

Hatua ya tatu: pima utakachopoteza milele

Hapa ningemsihi kila mwenye meli akae chini na kalamu. Chini ya kifungu cha 27 cha sheria ya 1920, ile iitwayo Sheria ya Jones, mzigo unaotoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine hubebwa na meli iliyojengwa Marekani, yenye umiliki wa Marekani na bendera ya Marekani. Meli yenye sifa hizo ni ghali kuijenga, na sifa yenyewe ni sehemu kubwa ya thamani yake.

Kifungu cha 12132 kinasema meli ya zaidi ya GT 200 iliyokuwa na haki ya biashara ya pwani, ikiuzwa kwa mgeni, nzima au sehemu tu, au ikiwekwa kwenye daftari la nje, hairudii tena biashara hiyo. Maneno "sehemu tu" yasikupite. Kumpa mwekezaji wa nje kipande kidogo cha umiliki wa chombo kunatosha. Wala kuirudisha bendera mwaka unaofuata hakurudishi haki. Meli inaweza kupeperusha tena bendera ya Marekani na kufanya safari za kimataifa, lakini mlango wa pwani umefungwa.

Basi jiulize kama mnunuzi analipa bei ya chuma au bei ya haki. Mnunuzi wa nje atalipa bei ya chuma, maana haki inakufa mikononi mwake. Ikiwa meli bado ina miaka ya kazi, tafuta kwanza mnunuzi raia.

Hatua ya nne: andika mkataba unaosubiri kibali

Usiahidi jambo ambalo sheria imelishikilia. Mkataba uwe na sharti la kutangulia, na lisiwe limefichwa kwenye kiambatisho. Liweke ukurasa wa kwanza, kwa maneno yasiyo na mwanya, kwa mfano: "Mkataba huu hautamhamishia Mnunuzi umiliki wala udhibiti wowote, na hakuna makabidhiano yatakayofanyika, mpaka MARAD itoe kibali cha maandishi na pande zote mbili zikubali masharti yake. Kibali kikikataliwa, au kisipopatikana kufikia tarehe iliyotajwa, amana itarudishwa yote na hakuna upande utakaodaiwa fidia."

Sehemu ya masharti ndiyo watu huisahau. Kibali kinaweza kuja, lakini kikaja na mzigo ambao mnunuzi hautaki. Kama mkataba unasema tu "kibali kikipatikana", mnunuzi amefungwa na jambo asiloliona bado, na kesi inaanza. Amana nayo ikae kwa mtu wa tatu. Mnunuzi asiweke nahodha wake melini, asiagize matengenezo, asiipangie safari kabla ya kibali. Kila moja ya hizo inaonekana kama udhibiti.

Hatua ya tano: peleka maombi

Fomu ni MA-29 na ndugu zake, kulingana na aina ya muamala. Ndani yake utaeleza meli, muuzaji, mnunuzi, uraia wa kila mmoja, bei, bendera inayokusudiwa, matumizi baada ya mauzo, na madeni yaliyo juu ya chombo. Ambatisha nakala ya mkataba na muhtasari wa umiliki kutoka daftari la Walinzi wa Pwani.

Kwa meli za GT 1,000 na zaidi MARAD huangalia mambo mawili makubwa. Kwanza ni meli yenyewe: aina, ukubwa, mwendo, hali na umri, na kama nchi inaihitaji kwa ulinzi au kwa kudumisha kundi lake la meli za biashara. Pili ni mnunuzi na nchi ya bendera: wanakubalika kwa sera ya nje au hawakubaliki? Kwa hiyo maelezo yako yajibu hayo. Meli yenye njia ya kuingizia magari moja kwa moja, inayoweza kubeba vifaru, itaulizwa maswali ambayo meli ya kubeba saruji haitaulizwa. Usilalamikie hilo. Eleza kwa ushahidi kwa nini meli haina tena kazi chini ya bendera ya sasa: hesabu za hasara, ripoti ya ukaguzi, gharama ya kwenda chelezoni.

Usipunguze ukweli kwenye fomu. Kifungu cha 56104 kinaadhibu maelezo ya uongo yaliyotolewa ili kupata kibali, na jambo dogo lililofichwa hugeuka kubwa likigunduliwa baadaye.

Hatua ya sita: soma masharti kabla ya kushangilia

Kwa meli ya GT 3,000 au zaidi kibali kwa kawaida huja na mkataba. Mmiliki mpya anakubali kwamba Marekani ikiihitaji meli wakati wa dharura ataitoa kwa masharti yaleyale ambayo ingechukuliwa kwa raia. Anakubali pia kwamba hataihamisha tena umiliki wala bendera bila kurudi MARAD. Masharti hayo hudumu kwa uhai wa kiuchumi wa meli, ambao kanuni zinauhesabu kuwa miaka 20 kwa meli za mafuta na vimiminika vingine, na miaka 25 kwa nyingine, kuanzia siku meli ilipopokewa kutoka kwa mjenzi.

Historia inaeleza masharti haya yametoka wapi. Chini ya Sheria ya Kutoegemea Upande ya 1939, meli zenye bendera ya Marekani zilikatazwa kuingia maeneo ya vita, ilhali Uingereza ilihitaji mafuta. Kabla Marekani haijaingia vitani, serikali hiyohiyo iliruhusu meli za mafuta za raia wake zihamie bendera ya Panama. Bendera ilibadilika, lakini mkono uliozishika ulibaki ule wa mwanzo. Kutoka hapo likakua wazo la meli zilizo chini ya bendera za nje kama Panama na Liberia lakini ndani ya udhibiti wa Marekani, ambazo zinaweza kuitwa siku ya shida.

Kwa mnunuzi, sharti la kurudi MARAD ndilo linalogusa mfuko. Benki yake itauliza: tukitaka kuiuza meli hii kufidia mkopo, tutahitaji ridhaa ya nani? Ajibu kabla ya kukopa.

Kama meli inakwenda kuvunjwa

Mauzo kwa wavunja meli ng'ambo yana hatari ya peke yake, na mimi ningeyapa muda mara mbili ya mauzo ya kawaida. Kemikali ziitwazo PCB zilitumika kwenye nyaya, rangi, mipira ya kuzibia na mafuta ya transfoma mpaka Marekani ilipozipiga marufuku 1979. Sheria inakataza kusafirisha nje vitu vyenye PCB ya kiwango cha sehemu 50 kwa milioni na kuendelea, na ganda la meli ni kitu kama kingine chochote. Meli iliyojengwa kabla ya mwaka huo ichukuliwe kuwa nazo mpaka vipimo viseme vingine.

Meli ya abiria Independence, iliyojulikana baadaye kama Oceanic, ilivutwa kutoka San Francisco Februari 2008. Shirika la mazingira la serikali, EPA, lilidai kwamba ilikuwa inapelekwa kuvunjwa ikiwa na PCB ndani yake. Waliokuwa na meli walikubali kulipa dola 518,500 mwaka uliofuata. Wakati huo meli ilikuwa imekwisha kwenda.

Kwa hiyo chukua sampuli kabla ya kuomba kibali: maganda ya kuhami ya nyaya za chumba cha injini, tabaka za rangi za zamani, vizibo vya mabomba ya hewa. Peleka maabara, hifadhi majibu. Utatakiwa kuthibitisha kwa maandishi, na uthibitisho usio na kipimo nyuma yake ni kubahatisha kwa jina lako.

Hatua ya saba: mwenye rehani, kisha daftari

Kibali kikiwa mkononi, geukia benki. Meli yenye rehani iliyosajiliwa haifutwi daftarini mpaka mwenye rehani aridhie au deni liondolewe. Pata barua ya kuachilia rehani mapema, iliyotiwa saini na kushikiliwa na mtu wa tatu, itolewe dakika fedha zikiingia.

Baada ya hapo maombi ya kufuta yanakwenda kwenye kituo cha taifa cha hati za vyombo, kilichopo Falling Waters, West Virginia. Unapeleka ombi, unarudisha cheti halisi cha meli, ushahidi wa kibali cha MARAD na ridhaa ya mwenye rehani. Wao wanatoa hati ya kufutwa. Daftari jipya, liwe la Liberia, Panama au Visiwa vya Marshall, litaidai hati hiyo, kwa sababu sheria ya bahari inataka meli ipeperushe bendera moja tu. Mara nyingi daftari jipya hutoa usajili wa muda, likisubiri hati ifike katika siku zilizowekwa.

Siku ya makabidhiano

Mpangilio wa saa hiyo ni huu: fedha zinathibitishwa, rehani inaachiliwa, hati ya kufutwa inatolewa, usajili mpya unaanza, nahodha anapokea hati. Ukiugeuza, kuna dakika ambazo meli haina bendera, na meli isiyo na bendera haina bima wala ulinzi wa nchi yoyote.

Kisha kazi za mikono. Bendera inashushwa. Bandari ya nyumbani inafutwa shetri na mpya inaandikwa. Namba ya mawasiliano ya redio, yenye tarakimu tisa, inabadilishwa: zilizoanza na 338 au 366 hadi 369 ni za Marekani, Liberia huanza na 636, Visiwa vya Marshall 538. Kifaa cha kutoa ishara ya meli inayozama nacho kipangwe upya siku hiyohiyo. Kikiachwa na namba ya zamani, siku ya ajali simu italia kwenye nchi isiyohusika, na mabaharia watakuwa majini wakisubiri. Kumbukumbu ya historia ya meli inayotakiwa na SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inabaki melini, na bendera ya zamani inapeleka nakala kwa mpya.

Vita na adhabu

Rais akitangaza hali ya dharura ya taifa inayogusa meli, au vita vikizuka, idhini za jumla haziaminiki tena na kifungu cha 56102 kinapanuka: kinagusa rehani kwa wageni, na hata viwanda na vyelezo vya meli. Kagua hali hiyo asubuhi ya kutia saini, hata kama uliikagua mwezi uliopita.

Anayekiuka anaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa faini, na muamala wenyewe ukawa batili. Meli iliyowekwa kwenye daftari la nje bila kibali inaweza kukamatwa na kutaifishwa. Kwa mnunuzi hiyo maana yake ni kulipia chombo halafu kukikosa, kwa hiyo adai kuona kibali chenye namba na tarehe, asitosheke na neno la dalali.

Mwisho, faili. Meli ya makontena iliyopokewa kutoka kiwandani Machi 2012 inabeba masharti yake hadi Machi 2037, ikipita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu. Kila mmoja akabidhi kwa anayefuata nakala ya kibali na mkataba wa MARAD pamoja na vyeti vingine vya meli, na aandike kwenye hati ya mauzo kwamba amefanya hivyo.